Kiti Kilichobonyea Upande wa Kushoto

Kaka yangu hajawahi kumfumania mtu. Alifumania kiti.

Nawaambia mapema ili mwenye haraka zake ajue anasoma nini. Hii ni habari ya fundi wa makochi, mtu wa kawaida kabisa, ambaye mtaa mzima unamwita Sponji. Jina alipewa na wateja, maana ukimpelekea kochi lililochoka jibu lake ni moja tu: "Hiyo ni sponji." Springi zimekatika? Sponji. Mbao imeoza? Sponji. Siku moja mama yetu alilalamika mgongo, Sponji akauangalia mgongo kwa makini, mama akamwahi: "Thubutu useme, nikuzabe kibao."

Karakana yake iko mbele ya nyumba, bati juu, gundi na vumbi la mbao ndani, na wateja wanakaa kwenye makochi ya wateja wenzao wakisubiri yao. Ana kipaji kimoja ambacho sijakiona kwa mwingine. Anasoma viti. Mletee kochi lako, atapitisha kiganja taratibu kama daktari, halafu aanze kukutolea siri za nyumbani. "Hapa anakaa mzee, mguu wa kulia unamsumbua. Hapa watoto wanaruka. Hapa..." na hapo anashusha sauti, "hapa hapakaliwi kabisa. Mnagombana?" Nimeshuhudia wanawake wawili wakibeba kochi lao na kuondoka bila kutengenezewa.

Kipaji hicho ndicho kilichomponza.

Mke wake ni mwalimu wa darasa la nne. Sote tunamwita Mwalimu, na Sponji pia anamwita Mwalimu. Yeye anamwita mumewe Fundi. Mwaka juzi chuo kimoja kilitafuta walimu kumi na wawili wakakae mwaka mzima kwenye shule za mbali, wachunguze vile vishikwambi, kompyuta bapa za kugusa kwa kidole, vinavyogawiwa madarasani. Vinawafundisha watoto kweli au ni mapambo? Mwalimu akaomba, akapata. Shule aliyopangiwa ni safari ya nusu siku kwa basi.

Sponji alifurahi. Alifurahi kama wiki moja hivi. Alimsindikiza stendi na mabegi yote mawili, akamwambia, "Nenda, nyumba nitaishika." Aliporudi akajitupa kwenye kochi la mteja.

"Mdogo wangu, mwaka una siku ngapi?"

Nikamtajia.

"Zote hizo?"

Nyumba aliishika, haki yake siwezi kumnyima. Wana binti wa miaka saba, tunamwita Kasuku kwa sababu hana siri. Ukisema neno mbele yake umeshalitangaza. Sponji alimpikia, akamfulia, akajifunza hadi kumsuka. Alimsuka kama anavyoshona kochi: mistari imenyooka, inauma, haifumuki wiki tatu.

Wivu ukaanza kidogo kidogo. Mwalimu alikuwa anapiga simu ya video saa moja jioni, na habari zote zilikuwa za darasani.

"Fundi, hebu fikiria. Watoto wanne, kishikwambi kimoja. Mmoja anagusa, watatu wanatazama bega lake! Nimekaa na saa nikahesabu. Kipindi dakika arobaini, aliyekishika kakishika dakika thelathini na moja."

"Eeh."

"Na ni yule yule kila siku!"

"Eeh."

Simu ya Sponji kioo kimepasuka kona hadi kona, kwa hiyo mke wake alikuwa anaonekana vipande vipande. Lakini macho yalionekana. Yalikuwa yanang'aa. Simu ikikatika, Sponji ananigeukia mimi: "Umeona alivyochangamka? Mimi nilimtengenezea kabati la vyombo, lenye milango ya kioo, hakuchangamka hivyo."

Likizo ya katikati ya mwaka Mwalimu akaja wiki mbili. Akaja na ile tabia ya kuhesabu. Tuko mezani tunakula, anasema, "Fundi, umeshika simu dakika sita. Mtoto amekuita mara tatu." Na anaandika! Kwa penseli! Mtu katumwa kuchunguza teknolojia, anatembea na penseli sikioni kama seremala. Sponji akanivuta uani. "Huyu hakuja likizo," akaniambia. "Amekuja kukagua."

Akaondoka tena. Kisha ikaja siku ya kiti.

Ilikuwa mwezi wa kumi tangu aende. Tuko karakana, simu imeingia, Kasuku yuko chini anapaka rangi picha zake. Mwalimu alikuwa ameketi mezani kwenye chumba alichopanga. Upepo ukavuma, akainuka kwenda kufunga dirisha, simu akaiacha imeegemea kikombe. Nyuma ya pale alipokuwa amekaa kikaonekana kiti cha mikono, cha kitambaa cha kahawia.

Sponji akaisogeza simu mpaka puani.

"Mdogo wangu, njoo. Unaona nini?"

"Kiti."

"Kiti gani?"

"Cha kukalia, kaka."

"Kimekaliwa," akasema, na sauti ilikuwa ya mtu anayesoma barua ya msiba. "Tazama upande wa kushoto ulivyobonyea. Huyo mtu ni mzito. Kilo tisini, tisini na tano. Anaegemea kushoto, anakaa muda mrefu, na anakaa kila siku. Mwalimu ana kilo hamsini na nane."

"Labda alikikuta hivyo hivyo."

"Mwezi wa pili alinionyesha chumba kizima. Kiti kilikuwa sawasawa. Mimi nasahau majina ya watu. Viti sisahau."

Hapo ndipo nilipokosea, nakiri. Mimi ni wifi, na kazi ya wifi mnaijua. Nikasema, "Basi wifi kapata mtu wa kumwegemea." Nikacheka. Nilicheka peke yangu.

Na kama vile shetani alikuwa amepanga foleni, kabla Mwalimu hajarudi kwenye simu ikasikika sauti ya mwanaume mlangoni kwake: "Mwalimu, funguo nimekuachia hapa."

Sponji akakata simu.

Usiku huo hakufanya kazi ya maana. Alishona mto wa mteja nje ndani. Kesho yake akachukua kiti cha mikono cha aina ile ile, akakiweka katikati ya karakana, akamwita muuza mkaa wa jirani, ambaye ni pande la mtu.

"Kaa hapa."

"Kuna nini?"

"We kaa. Egemea kushoto."

Muuza mkaa akakaa saa nzima, akaletewa chai, akafurahi. Alipoinuka Sponji akainama, akapima kwa kiganja, akatikisa kichwa.

"Bado. Huyo anakuzidi."

"Nani ananizidi?"

"Rudi kwenye mkaa wako."

Nilimwambia, kaka, mpigie mkeo umuulize, uishe. Akasema mwanaume haulizi, anachunguza. Sawa. Lakini wakati yeye anachunguza, Kasuku alikuwa chini pale pale na rangi zake. Jioni simu ikaingia, mtoto akaiwahi.

"Mama! Baba anasema kiti chako kinakaliwa na mwanaume wa kilo tisini!"

Mwalimu akasogeza uso karibu na kioo.

"Nani kasema?"

"Baba. Na shangazi kasema unamwegemea."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mwalimu akasema, polepole, "Mpe baba yako simu." Sponji akaipokea, na hakusalimia.

"Nani anakikalia?"

"Hakuna anayekikalia, Fundi."

"Kimebonyezwa na nini?"

Mwalimu akageuka kutazama mlango. Hilo tuliliona sote. Halafu akasema, "Siwezi kukwambia kwenye simu."

Jamani. Katika majibu yote duniani! Angesema ni mjomba, angesema ni paka. Sponji akavuta pumzi, akatoa neno ambalo nadhani alikuwa analo kifuani tangu lile basi lilipoondoka stendi: "Mwisho wa mwezi uwe nyumbani. Usipokuwa, basi usirudi."

Zilikuwa zimebaki siku tisa mwezi uishe. Na kwa Mwalimu zilikuwa zimebaki wiki nane afanye jaribio la mwisho la watoto, lile la kuonyesha nani kajifunza na nani kabaki kutazama bega. Chuo kilisema tangu mwanzo: anayeondoka kabla ya jaribio hilo, kazi yake haihesabiwi. Kesho yake akanitumia ujumbe wa sauti.

"Wifi, nikiondoka sasa, daftari zangu kumi na saba ni za kufungia karanga. Nisipoondoka, sina nyumba. Kaka yako kaniweka hapo katikati kwa sababu ya kiti. Kiti, wifi!"

Nilimsikilizisha Sponji mara mbili. Akafikiri, akasema, "Bado hajasema nani anakikalia."

Uvumilivu ukaniishia. "Basi twende ukakiulize kiti chenyewe!"

Tukamwacha Kasuku kwa mama, tukapanda basi la asubuhi. Sponji alibeba mfuko wake wa kazi: nyundo, koleo, msumeno mdogo, misumari midogo, mikanda ile mipana ya kufungia chini ya kochi.

"Unaenda kufumania na mikanda?"

"Fundi hasafiri mikono mitupu."

Tulifika shuleni saa saba mchana. Mlinzi akatuelekeza chumba cha tatu kutoka mwisho, dirisha la nondo bila kioo. Tukachungulia.

Mwalimu alikuwa nyuma kabisa, amekaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yamemfika kidevuni, saa ameining'iniza shingoni kwa kamba ya kiatu. Watoto wamekaa wanne wanne, katikati yao kishikwambi. Kila mahali ni vile vile alivyosema: mmoja anagusa, watatu shingo ndefu. Lakini yeye alikuwa anamtazama msichana mmoja tu, mdogo, mwenye sweta lililofumuka mkono. Yule msichana alinyoosha kidole. Akakirudisha. Akanyoosha tena. Kisha akakivuta kishikwambi upande wake, akagusa.

Mwalimu akauma mdomo, akatazama saa, akaandika. Uso wake ulivyokuwa siwezi kuueleza, ila ungedhani kamwona mtoto wake anatembea hatua ya kwanza.

Nikamgeukia Sponji. Alikuwa ameshika nondo kwa mikono miwili.

"Alikuwa ananitazama hivyo," akasema. "Kabla sijamwoa. Alileta kochi la baba yake, akakaa karakana siku nzima ananitazama ninavyoshona."

"Kaka..."

"Siku nzima."

Kengele ikalia. Watoto wakamiminika, shikamoo, shikamoo, na Mwalimu akatoka wa mwisho. Alipotuona hakushtuka. Alimtazama mumewe, akatazama mfuko wa kazi.

"Umekuja kuniona mimi au kiti?"

"Kiti."

"Haya. Lakini utabeba."

Abebe nini, tukashangaa. Ndani ya darasa, vishikwambi vilikuwa vinarudishwa kimoja kimoja kwenye sanduku la bati lenye vishikio viwili, kila kimoja na tundu lake, ishirini na vinne kwa hesabu, na waya wa umeme umezungushwa pembeni. Mwalimu wa sayansi akaja kushika upande wa pili, kijana mrefu, mwembamba, shati linapepea kama limetundikwa kwenye msumari.

"Shikamoo kaka. Mwalimu, funguo za sanduku hizi hapa."

Ni ile sauti. Sponji akampima juu hadi chini, chini hadi juu, vile anavyopima kochi. Akaniinamia.

"Hamsini na tano. Akiwa amelowa."

Kisha akamwambia yule kijana, "Acha, nitabeba mimi." Akashika upande mmoja, mkewe upande wa pili. Mwendo ni dakika kumi. Sponji alibadilisha mkono mara nne. Mimi nilibeba mfuko wa nyundo na dhambi zangu.

Chumbani, Mwalimu akafungua kufuli mbili. Akachukua blanketi kitandani, akalifunga lile sanduku, akalizungushia vizuri kila kona, akamwashiria Sponji wainue. Wakaliweka juu ya kiti cha kahawia. Akalisukuma kushoto, kwa sababu soketi iko kushoto na waya ni mfupi.

Kiti kikalia. Kikazama. Upande wa kushoto.

"Haya," Mwalimu akasema, akishika kiuno. "Bwana mwenyewe huyo. Msalimie."

Basi Mwalimu akaendelea. Kitasa cha ofisi ya shule kimevunjika tangu mwezi wa tatu. Sakafu ya hapa inatoa unyevu. Jioni anavitoa vishikwambi, anavipanga mezani kuvifuta, analishusha sanduku tupu, na usiku anavirudisha humo vichajiwe; ndiyo maana akipiga simu kiti kinakuwa kitupu. Mkuu wa shule kamwonya: asijue mtu vinalala wapi, vitaibiwa.

"Mimi ni mtu?" Sponji akauliza.

"Wewe unaishi na Kasuku."

Hapo hata yeye alikubali kwa kichwa. Kasuku angesikia Jumatatu, Jumanne muuza mkaa angekuwa anajua hata rangi ya sanduku.

Mngedhani yameisha. Mimi nilidhani. Nilishaanza kutafuta sufuria ya chai. Lakini Sponji akakaa chini, sakafuni, mgongo ukutani, akilitazama sanduku lililofunikwa.

"Bora angekuwa mwanaume," akasema. "Mwanaume ningempiga ngumi, angenipiga, watu wangetuachanisha, yangeisha. Hili nilipige nini?"

"Unalionea wivu sanduku, Fundi?"

"Unalifunika blanketi. Mimi hujanifunika tangu mwezi wa kwanza."

Mwalimu alianza kucheka, kicheko kikamwishia njiani. Akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Tangu niolewe," akasema, "mimi ndiye nakaa nakutazama wewe unafanya kazi unayoipenda. Miaka tisa. Sijawahi kukupa tarehe ya kuiacha."

Sponji akatazama mikono yake.

"Mwisho wa mwezi ni Jumamosi," Mwalimu akasema. "Umesema mbele ya mtoto. Sasa niambie na mbele ya dada yako. Nipange mabegi au nisipange?"

Nilitazama dari. Nilitazama kikombe. Sponji akainuka.

"Toa hilo sanduku."

"Nimekuuliza swali."

"Toa sanduku, Mwalimu."

Wakalishusha. Sponji akakipindua kiti miguu juu, akachana kitambaa cha chini kwa ncha ya koleo, akaingiza mkono. Mikanda miwili ya kushoto ilikuwa imekatika. Akatupa ile ya zamani, akakata mipya, akaanza kupigilia. Kulia akafunga mmoja mmoja. Kushoto akafunga miwili miwili, akaipishanisha na mingine miwili juu yake. Alipomaliza akaweka kiwiko, akaegemeza uzito wake wote. Haikutikisika.

"Wiki nane," akasema, misumari ikiwa bado mdomoni. "Itashika wiki nane. Hata kumi."

Mwalimu akaenda kusimama dirishani, akatupa mgongo. Mimi nikawasha jiko.

Fundi hakuwa amemaliza. Alitoka nje, akarudi na kipande cha ubao alichookota nyuma ya nyumba, akakikata, akakilaza juu ya mikanda, chini ya sponji. Akafunika, akapigilia, akakisimamisha kiti.

"Jaribu."

Mwalimu akakaa. Akainuka kidogo, akakaa tena, uso umekunjamana.

"Fundi, mbona kigumu hivi? Kama benchi la kituo cha polisi!"

"Ndiyo."

"Mgeni hawezi kukaa hapa dakika tano."

"Ndiyo," Sponji akasema, anakusanya misumari yake mmoja mmoja. "Sanduku halina makalio."

Kesho yake tukapanda basi la kurudi. Mwalimu alitusindikiza mpaka stendi, kabla ya vipindi, na kabla hatujapanda alimvuta Sponji kando, wakaongea mambo yao. Nilitega sikio, sikupata kitu. Alipokaa dirishani alikuwa anatabasamu kama mjinga, nikasema, haya, mtu kapona.

Tukaenda saa nzima. Basi likapita daraja, likapita mashamba, mimi nimeshaanza kusinzia, akanigusa bega.

"Yule wa sayansi."

"Nini tena?"

"Uliona viatu vyake? Kisigino cha kushoto kimelika."

"Kaka."

"Anaegemea kushoto."